Beki Aliyekataa Kusimama Uani

Bumasifwa, 2 Februari 1992

Bwayo mdogo wangu,

Tangu nitoke kanisani Baba ameniketisha kibarazani, hata chai sijanywa. Ananiambia niandike neno kwa neno, nisipambe kama ninavyowapambia watoto wangu wa darasa la tatu. Haya, naandika:

"Mwambie huyo beki kwamba mwaka huu ni mwaka wa jando. Themanini na nane alisema ana mitihani, nikanyamaza. Tisini akasema ameitwa timu ya taifa ya vijana, anakwenda Bujumbura. Nikanyamaza tena, na kilabuni nikawanunulia watu pombe ya kwete kwa ajili yake. Mwaka huu sina mate ya kumeza. Redioni wanasema Bwayo ni ukuta, Bwayo haogopi mtu. Ukuta gani unaokimbia kisu cha dakika moja?"

Nikacheka. Akanikemea: "Andika, usicheke. Hata wewe mwalimu hovyo."

Mdogo wangu, utani wa Baba una uchungu ndani yake, nawe unajua. Kwetu mkubwa asiposimama uani akakatwa mbele ya watu, mdogo wake hawezi kumpita. Musamali ana miaka ishirini na amefungiwa nyuma yako. Amempenda binti wa Buteza, Nabifo, msichana mzuri anayejua kazi. Baba yake Nabifo amesema wazi kwamba hatoi binti kwa msinde asiyekatwa, hata msinde awe na ndevu za kufikia kifuani. Musamali haniambii kitu, ila siku hizi anapasua kuni kwa hasira, na kuni zenyewe tunazo za kutosha.

Njoo Agosti usimame. Yaishe.

Dada yako,
Khainza


Kampala, Kibuye, 19 Februari 1992

Dada Khainza,

Barua nimeisoma mbele ya wenzangu wa timu, wakaanguka kwa kicheko. Sasa wananiita Kisu cha Dakika Moja. Mshukuru Baba kwa niaba yao.

Mwambie hivi, na umwambie kwa upole. Baada ya Pasaka anakuja wakala wa klabu moja ya Maskati. Anatafuta beki wa kati, na kocha amempa jina langu peke yake. Dada, hapa Lubigi Stars tunalipwa kwa ahadi. Huko watu wanaishi kwa mpira. Nikikatwa Agosti, mpaka nipone na kurudi mwendo wangu, nafasi yangu atakuwa ameshaikalia Mnigeria. Kisu hakinitishi. Juzi nimezuia kwa uso shuti la mtu mwenye paja kama gogo, nikainuka nikampa mkono.

Baba anipe mwaka huu tu. Tisini na nne nitakuja na ng'ombe wangu mwenyewe, ngoma ipigwe mpaka Sironko ikose usingizi. Musamali avumilie. Nabifo kama anampenda atangoja.

Bwayo


Bumasifwa, 3 Mei 1992

Bwayo,

Pasaka imepita. Wakala alikuja? Baba kila Jumamosi anaibana redio sikioni, nayo inataja mabeki wote wa Uganda isipokuwa wewe. Jana alisema, "Ama wamemfukuza, ama mtangazaji amekatazwa na madaktari kulitaja jina lake." Halafu akaizima kabla mechi haijaisha, jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu nizaliwe.

Nyumbani wote wazima. Baba anakohoa kidogo, ni vumbi la kahawa tu. Mama anakusalimu, amekukaushia malewa, machipukizi ya mianzi, hajui atakutumia kwa mkono wa nani.

Jibu la Maskati alilipokea vibaya. Aliniuliza, "Kwa hiyo mwanangu anaona mwili wake ni wa Waarabu?" Nikamwambia sivyo. Akasema, "Basi ni wa nani?"

Niandikie upesi.

Khainza


Kampala, 17 Mei 1992

Dada,

Mambo ya Maskati bado yanazungumzwa. Hao watu hawana haraka.

Redio isiwasumbue. Kocha ni mpya, ana vijana wake anaowajaribu. Lakini mimi niko na timu kila siku. Hakuna mechi niliyokosa, na jezi zote za Lubigi zinapita mikononi mwangu, hiyo nakuapia. Mwambie Baba ale vizuri na aache kupigana na redio.

Kuhusu Agosti, jibu langu ni lilelile. Usinibane, tafadhali.

Bwayo


Bumasifwa, 12 Julai 1992

Bwayo,

Leo sikuiti mdogo wangu.

Mjomba Namisi alikwenda Kampala kupeleka vitunguu, akaingia uwanja wa Nakivubo kwa kiingilio chake mwenyewe akuone. Lubigi walicheza. Hukuwa uwanjani, hukuwa benchi. Alipouliza watu wakamwambia, "Bwayo? Yupo huko nyuma," wakacheka. Amerudi na habari kwamba umekuwa mtu wa starehe, mpira wenyewe umekushinda kwa ulevi. Sasa Bumasifwa yote inajua.

Ngoma zimeanza kujaribiwa. Vijana wanapita njiani na njuga zao, wakifika kwenye uzio wetu wanapunguza mwendo na kuimba kwa sauti, "Nyumba hii ina wanawake wanne," maana wanamhesabu Musamali, wanakuhesabu na wewe. Musamali alitoka na panga. Tulimshika mimi na Mama, karibu atuvunje mikono.

Na jambo jingine. Nilikuandikia kwamba Baba anakohoa vumbi la kahawa. Ni yeye aliyeniagiza niandike hivyo. Alisema, "Asije kwa huruma. Aje kwa sababu ni mwanangu." Bwayo, Baba anatema damu. Hospitali ya Mbale wamemrudisha nyumbani. Anachokitaka duniani ni kukuona umesimama mbele ya nyumba yake kabla hajafumba macho. Hana ombi jingine, hajawahi kuwa nalo.

Na wewe unatuletea habari za Waarabu. Nimekuonea haya mbele ya walimu wenzangu.

Khainza


Kampala, 26 Julai 1992

Dada,

Soma hii peke yako, kisha uichome.

Sijanywa tone. Nilicheza mechi yangu ya mwisho nikiwa mzima wiki ya Pasaka. Winga alinipita, nikateleza kumkata, goti langu la kulia likaenda upande wake na mimi upande wangu. Nilisikia sauti yake, dada, kama mtu anavunja muwa. Jamaa anayeitwa daktari wa timu akanichoma sindano mbele na nyuma, wiki iliyofuata wakanivalisha bandeji wakaniingiza tena, kwa sababu mtu wa Maskati alikuwa jukwaani. Nilianguka kabla ya mapumziko bila kuguswa na mtu. Nilipotazama jukwaani kiti chake kilikuwa kitupu.

Nilikuandikia kwamba jezi zote zinapita mikononi mwangu. Ni kweli. Nazifua. Hiyo ndiyo kazi waliyonipa Lubigi, na wanasema nishukuru. Siku Mjomba Namisi alipokuja nilikuwa nyuma ya jukwaa na beseni. Nilimwona. Nikajificha.

Sasa sikia kwa nini siwezi kuja. Kutembea naweza, nachechemea kidogo tu. Lakini nikisimama palepale, muda wa kusali Baba Yetu mara moja, mguu huu unaanza kutetemeka kuanzia pajani mpaka kisigino. Siutetemeshi mimi. Nimeushika kwa mikono, nimeufunga kwa kamba, nimeuwekea jiwe. Unatetemeka tu kama mguu wa mtu mwingine. Na uani mtu hutakiwa asimame asitikisike hata kope. Wewe unajua nini humpata anayetetemeka. Wozemba wa Bugitimwa ana wajukuu sasa, na wimbo wake bado unaimbwa wakimwona sokoni. Nije niwaletee wimbo kama huo mlangoni kwa Baba, naye mgonjwa?

Usimwambie. Utasema ni ugonjwa, watu watasema kila mwoga tangu zamani alikuwa na mguu unaouma. Mimi nilitolewa nyumbani nina miaka kumi na miwili nikapelekwa shule ya mpira mjini Mbale, majando niliyoyaona ni ya kupitwa njiani. Lakini hilo la mwoga na mguu wake nalijua, maana Baba mwenyewe ndiye alikuwa akitusimulia akicheka.

Afadhali anione mwenye kiburi. Mtu humchukia mwana mwenye kiburi na bado akajisifu naye. Mwoga hana wa kumsifu.

Niapie, dada.

Bwayo


Bumasifwa, 9 Agosti 1992

Mdogo wangu,

Nimeichoma. Nimelia jikoni, Mama akadhani ni moshi.

Nisamehe maneno ya barua ile. Nimekuapia, ingawa kiapo chenyewe kinanikaba. Baba aliponiuliza umeandika nini, nilishika karatasi tupu nikamsomea salamu za uongo: kwamba una mkataba na unasikitika. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Barua hii haina harufu yake." Sikujua niweke wapi uso.

Hakuna njia nyingine? Nimewaza hospitali, ukatwe kimya ukiwa umelala. Lakini ya kitandani wazee hawaihesabu, na Baba ndiye wa kwanza kuikataa. Ningejua huko nje mambo hufanywaje hasa, labda ningepata la kukushauri. Lakini sisi siku hiyo tunafungiwa ndani na Mama, tumeshika nguzo ya kati, tunasikia kelele, kisha kimya, kisha filimbi ya kwamba amesimama vema. Hayo ndiyo ninayoyajua, na nina miaka ishirini na saba. Kumuuliza mwanamume nisije nikaonekana nakutafutia kichaka, nimeogopa.

Ngoma sasa ni kila siku. Baba anaomba atolewe nje azisikie. Nabifo amekuja mara mbili kumsaidia Mama, na baba yake amemwambia ya tatu asiithubutu.

Nakuombea.

Khainza


Bumasifwa, 20 Septemba 1992

Kwa Bwayo wa Mabonga.

Anayeandika ni Khainza, anayesema ni mimi baba yako. Nimemkataza kuongeza wala kupunguza.

Alhamisi nimekuzika.

Nilikata mgomba wa kimo chako, nikauvisha ile jezi uliyoniletea Krismasi, nikauviringisha blanketi, nikauzika chini ya shamba la kahawa, pembeni ya babu yako. Kaburi walichimba vijana, lakini udongo wa kwanza nilitupa mimi. Mzee Gidudu alinikataza. Alisema mgomba huzikwa kwa aliyefukiwa na mlima au aliyepotelea vitani, hajaona mtu akimzika mwana anayekula chakula. Nikamwambia, mimi nina mwana amesimama mlangoni, hatoki wala haingii, na mdogo wake anaozea ndani. Maiti haizibi njia. Basi na awe maiti.

Jumamosi Musamali amesimama. Hakupepesa. Ngariba mwenyewe alimpa mkono. Filimbi ilipolia nilitaka kuinuka kwenye kiti nikashindwa.

Usije. Aliyezikwa akikanyaga uani kabla aliyemzika hajamfukua kwa mkono wake, huingia na kifo nyumbani. Unajua mila au Kampala wameifua nayo? Basi sasa umejua.

Nilikupenda kuliko ilivyofaa. Watu waliniambia, nikawacheka.

Mabonga

(Bwayo, haoni ninaandika hili. Niruhusu nimwambie. Nakupigia magoti. K.)


Kampala, 4 Oktoba 1992

Dada,

Nimeisoma nikiwa na jezi za watu mkononi. Nikazisuuza, nikazianika, nikaisoma tena.

Mpongeze Musamali. Mwambie nimefurahi, na ni kweli. Amwoe Nabifo haraka kabla mzee yule hajabadili maneno.

Unaomba ruhusa. Mwambie ukitaka. Maiti hana siri.

Bwayo


Bumasifwa, 1 Novemba 1992

Bwayo,

Tumemzika Baba. Sijui kama umepata habari. Tulitoa tangazo redioni, lakini nilipochungulia watu waliokuja sikukuona, na nikajua kwa nini. Kaa mahali pazuri usome, maana sina namna ya kulisema polepole.

Barua yako ilipofika nilikwenda kitandani kwake nikamwambia yote. Goti, sindano, beseni, mguu. Nilimwambia pia kwamba ulinikataza, na sababu ya kunikataza. Kisha akasema:

"Nani aliwaambia kilema husimama peke yake?"

Nikasema sisi hatujui, Baba.

Akasema, "Mugide kaka yangu alianguka kutoka mtini akiwa mtoto, mguu ukamkauka. Siku yake baba yetu alisimama nyuma yake, akamkumbatia kifuani, akamshika hivi kwapani. Mguu ule ulitetemeka tangu ngariba anainama mpaka anainuka. Filimbi ililia, ng'ombe akachinjwa. Uani hatutazami mguu, Khainza. Tunatazama macho. Mwanamume akikodoa macho asipepese, amesimama, hata kama ameshikwa na watu kumi."

Kisha akaanza kulia. Sijawahi kumwona Baba akilia, Bwayo, sikujua hata nimfute na nini. Alikuwa anasema, "Ningemshika mimi. Agosti nilikuwa na nguvu bado. Ningemshika mimi."

Ndugu yangu, kila mwanamume wa Bumasifwa alijua jambo hilo. Ningemuuliza yeyote pale barabarani angenijibu huku anatafuna muwa. Wewe uliondoka ukiwa mtoto, mimi ni mwanamke wa kufungiwa ndani, na tukawekeana kiapo juu ya jambo ambalo hatukulijua sisi sote wawili.

Asubuhi yake akaitisha mbuzi na jembe. Mzee Gidudu na wenzake walikuja. Aliyezika ndiye hufukua, hakuna wa kumsaidia kushika mpini, ndiyo sheria. Tulimbeba kwa kiti mpaka chini ya kahawa. Musamali alimwomba, "Baba, ngoja upate nguvu, hata wiki ijayo." Akamjibu, "Kaka yako amekaa chini ya udongo vya kutosha." Akashuka kwenye kiti akapiga magoti, akainua jembe. Alipiga, akapumzika, akapiga. Udongo ulikuwa umeshikamana kwa mvua. Tulisimama pale tukimtazama, hatuna ruhusa ya kugusa hata bonge moja. Damu ikamtoka mdomoni, akaifuta kwa kiganja, akapiga tena. Kisha akalala juu ya kaburi lako, na jembe likiwa mkononi.

Mgomba haujafikiwa.

Nimewauliza wazee, kila mmoja peke yake na wote pamoja, kama Musamali anaweza kumalizia, kwa kuwa sasa ndiye mrithi. Wanasema hapana. Wanaona huruma, Gidudu mwenyewe alitoka nje kupenga kamasi, lakini wanasema hapana. Mkono uliofunika umeondoka na ruhusa yake.

Musamali hali, haongei. Nabifo amehamia kwetu bila sherehe. Mama anauliza kila jioni kama kuna barua. Hakuna anayejua nimwambie nini, na mwalimu ni mimi.

Khainza


Kampala, 15 Novemba 1992

Dada yangu,

Tangazo nililisikia. Nilikuwa kibandani kwa fundi redio hapa Kibuye. Walitaja jina la Baba na kijiji, wakasema ameacha mjane na watoto wawili, Khainza na Musamali. Fundi akaniuliza, "Bwayo, hao si watu wa kwenu?" Nikamwambia majina yanafanana.

Nilipanda basi asubuhi hiyohiyo. Sikuwa nimejua habari ya jembe wala ya Mugide, nilijua tu kwamba nimekatazwa. Nilisema nitasimama mbali. Nilishuka Budadiri nikapanda kwa miguu. Mama Kutosi wa dukani aliniona akaangusha kopo la chumvi, akafunga mlango. Wengine waliacha njia wakaingia mashambani. Mzee Gidudu nilikutana naye kwenye daraja. Hakuogopa. Alivua kofia, akakaa kando mpaka nikapita, hakunijibu salamu. Baadaye nilipoikumbuka sura yake nikaona kwamba alitaka kunijibu.

Sikuingia uani. Nilikaa barabara ya juu, pale unapoona mabati ya nyumba na shamba lote la kahawa. Nilimwona Musamali akitupa udongo wa kwanza kama mkubwa wa nyumba. Alitupa vizuri, kwa mkono ulionyooka. Nilikuona wewe umemshika Mama. Pembeni niliona kaburi jingine, udongo wake umechimbuliwa kichwani tu, nikajiuliza nani ameanza kazi na kuiacha njiani. Jibu nimelipata kwenye barua yako.

Umeniandikia kwamba angenishika. Nimejaribu kuiwaza mikono yake kwapani kwangu. Mara ya mwisho alinibeba nina miaka sita, nimeumwa na siafu. Siwezi kufika mbali zaidi ya hapo, dada. Nikifika kwenye kifua chake naacha.

Usijilaumu. Kiapo nilikiomba mimi.

Klabu imesema nibaki mpaka ligi iishe. Baada ya hapo kuna mtu anataka wafuaji Malaba, mpakani, hotelini. Huko hawanijui, na Mmasaaba mwenzetu akipita nitasema mimi ni mtu wa Teso. Usinitumie barua tena kwa jina hili. Nikipata mahali nitakuandikia.

Mama akiuliza, usimwambie kwamba nilifika, hata watu wakisema waliniona. Mwambie sikusikia tangazo. Mwambie redio yangu haikuwa na betri.

Bwayo